Kisa Kizuri Sana

Mama mkwe wangu alinipa jina kabla sijamaliza hata mwaka mmoja kwenye ndoa: mkunga wa karatasi. Alilitamka mbele ya wageni, nyumbani kwake Muleba, mimi nikiwa nimepiga magoti nawanawisha mikono.

"Huyu mkwe wangu anajua mimba za wilaya nzima," alisema, "isipokuwa yake."

Wageni walicheka kwa adabu. Mume wangu, mwalimu wa sekondari, mtu mpole ambaye upole wake nilikuwa nimeupenda, alitazama nje kwenye migomba kana kwamba kuna mtu anamwita. Nilimaliza kuwanawisha, nikamwaga maji, nikarudi jikoni.

Bukoba waliniita Daktari, na nilichoka kuwaeleza kwamba udaktari wangu ni wa kitabu, si wa sindano. Nilisomea vinasaba vya uzazi. Sababu haikuwa ya ajabu. Mama yangu, kwetu Buhembe, alizaa watoto saba akabakiwa na watatu, na kila jirani alijua kwa nini: huyu alisema laana ya upande wa bibi, yule alisema ni maji ya kisima, mwingine alisema mama alikuwa na kijicho na watoto wake mwenyewe. Wote walijua. Mimi ndiye nisiyejua, nikaenda shule kutafuta. Mama alifariki nikiwa ng'ambo, kwenye mji wa baridi, nikihesabu kromosomu za watu wasionihusu.

Niliporudi nilipewa mradi. Tulichukua damu ya wajawazito katika kliniki za Bukoba na Muleba. Ndani ya damu ya mama huelea vipande vidogo vya vinasaba vya mtoto aliye tumboni. Ukivisoma kwa mashine unaweza kujua, mimba ingali changa, kama mtoto ana kromosomu iliyozidi au iliyopungua. Mashine yenyewe haikuwa kwetu. Sisi tulikuwa na sindano, friji na barafu. Damu ilipanda ndege, majibu yakarudi kwa simu na barua pepe kutoka kwa profesa wangu wa zamani, aliyekuwa mkuu wa mradi.

Tatizo la kazi hii nililisikia kwa mwanamke mmoja wa Muleba, mkulima wa kahawa, mimba yake ya nne. Nilimweleza kwamba mtoto wake ana kasoro ambayo haiponi. Nilimweleza polepole, kwa Kiswahili, halafu kwa Kihaya. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono juu ya tumbo.

"Mna dawa?"

"Hapana, Mama."

"Mnaweza kumrekebisha humo ndani?"

"Hapana."

"Kwa hiyo nishone nguo au nisishone?"

Sikuwa na jibu la kumpa. Sheria yetu hairuhusu mimba itolewe kwa sababu kama hiyo, na yeye mwenyewe asingetaka. Alikuwa Mkatoliki na alisema wazi. Alijifunga kitenge chake, akaniangalia kama mtu aliyeuziwa ng'ombe mfu, akaondoka. Nilimsimulia profesa. Alisema maarifa yana thamani yenyewe. Nilikubaliana naye; ndivyo nilivyofundishwa, na ndivyo nilivyokuwa nikiwafundisha wengine.

Nilipata mimba nikiwa nimekaribia miaka arobaini, wakati hata wanakwaya wenzangu walikuwa wameacha kuniombea kwa sauti. Mume wangu alilia. Alitoka mbio nyumbani kwetu Hamugembe, akapanda bodaboda mpaka stendi, akaenda Muleba siku hiyo hiyo kumwambia mama yake kwa mdomo wake. Alirudi na mkungu wa ndizi na kuku hai, na salamu. Mama mkwe alikuwa amesema, "Sasa ameanza kazi."

Damu yangu niliichukua mwenyewe. Nesi wa mradi alinifunga mpira mkononi, mimi nikaingiza sindano, kwa sababu nilitaka kuwaambia wanawake kwamba hata mimi nimepimwa. Nikaipa namba kama za wengine, ikaenda na barafu.

Profesa alipiga simu asubuhi, nikiwa ofisini. Dirishani niliona ziwa, limetulia, na wanawake wakianika dagaa. Sauti yake ilikuwa na furaha.

"Hatimaye tumepata," alisema. "Kumi na nane, tatu badala ya mbili. Ya kwanza kwa mradi wetu. Kisa kizuri sana, kiko wazi kabisa, hakina shaka."

Akanitajia namba.

Kromosomu ya kumi na nane ikiwa tatu, watoto wengi hufia tumboni. Anayezaliwa hai huja na moyo uliotoboka, na mara nyingi hamalizi mwaka. Wengi hawamalizi wiki. Hayo nilikuwa nimeyaandika mimi, kwenye maelezo tuliyowasomea akina mama.

"Profesa," nilisema, "hiyo ni yangu."

Alidhani simu imekwaruza. Nikarudia. Kisha akasema pole, akasema tena, na najua alikuwa anamaanisha. Halafu akakohoa.

"Sijui kama ni wakati mwafaka," alisema, "lakini mimba ina wiki ngapi? Tungepata damu ya pili kabla haijakua sana, ingetusaidia kulinganisha."

Nilimpa idadi ya wiki. Nilimpa na damu ya pili, siku iliyofuata.

Mume wangu nilimwambia jioni ile, tukiwa tumekaa mezani. Nilimchorea kwenye kipande cha gazeti: mbili, mbili, tatu. Aliuliza kama ni upande wangu au wake. Nikamwambia ni bahati mbaya ya mbegu kugawanyika, wala haina ukoo, ila umri wa mama huongeza hatari. Alishika hilo la mwisho tu. Jumamosi akaenda Muleba, na aliporudi alikuwa na maneno ya mama yake.

Wiki iliyofuata mama mkwe alikuja mwenyewe. Hakukaa. Alisimama mlangoni na mwavuli wake.

"Nani alikutuma ukatazame?" aliniuliza.

"Ni kazi yangu, Mama."

"Mimi nilizaa tisa. Hakuna aliyechungulia. Mtoto huonekana akizaliwa. Wewe ulimtafutia ugonjwa ukampata nao. Ungemwacha gizani alikowekwa na Mungu, angekuwa mzima."

"Mama, kipimo hakimpi mtoto ugonjwa."

"Bojo," alisema, kwa upole kabisa, neno tunalomwita mtu tunayempenda. "Usinifundishe tumbo. Wewe umejifunza kwenye chupa."

Nilibeba mimba ile hadi mwisho. Mtu anayejua hubeba vibaya. Akina mama wa kanisani walinishika tumbo wakanitabiria mtoto wa kiume, mchungaji mzuri wa baadaye, nilisema amina. Mtoto alicheza kidogo, kidogo kuliko inavyopasa, na kila alipocheza nilijikuta nafikiria moyo wake, tundu liko upande gani. Msimu wa senene, panzi wetu wa kuliwa, ulipofika, nyumba yote ya Muleba ilikuwa inanyonyoa mabawa sebuleni juu ya nyasi mbichi, nami nikakaa kusaidia. Mama mkwe aliuondoa ungo mbele yangu, mbele ya mawifi zangu.

"Acha. Mikono yako ipumzike."

Wifi yangu mdogo alinisogezea kikombe cha chai, na hiyo ndiyo huruma pekee niliyowahi kuipata katika nyumba ile.

Nilijifungua Bukoba, asubuhi, bila shida. Alikuwa msichana. Ngumi zake zilikuwa zimekunjwa, kidole cha shahada kimelala juu ya vingine, kama ilivyo kwenye vitabu. Masikio yalikuwa chini kidogo. Nilimkagua jinsi nilivyofundishwa, kutoka kichwani hadi nyayo, na kila alama niliyoitafuta niliikuta. Kisha nikamtazama uso. Alikuwa na paji la mama yangu. Hilo sikulisoma popote.

Nesi wa mradi alikuja na barafu yake kwa ajili ya kondo la nyuma. Akauliza, akitazama sakafu, kama anaweza kupiga picha ya mkono. Nilikuwa nimekubali tangu mwanzo, kwa maandishi, kama wanawake wote. Nikamwambia apige.

Mtoto alibatizwa pale pale na muuguzi wa zamu, kwa maji ya kikombe. Nikampa jina la mama yangu. Mume wangu alimshika kwa muda, akamrudisha haraka, akasema anakwenda kutafuta chakula. Mtoto alikufa kabla mvua ya mchana haijaanza, juu ya kifua changu. Hakulia. Aliacha kupumua, akavuta pumzi tena kama aliyekumbuka kitu, akaacha.

Kwa desturi yetu mtoto ni wa ukoo wa baba, huzikwa kwenye kibanja, shamba la migomba la baba yake. Kesho yake tulikodi pikapu, tukashuka Muleba, sanduku likiwa mapajani pangu. Mama mkwe alikuwa amesimama pale njia inapoingia kwenye migomba, na shemeji zangu wawili nyuma yake. Hakuna shimo lililochimbwa.

"Hapa wamelala watu," alisema.

Mume wangu akasema, "Mama, tafadhali."

"Wamelala watu. Baba yako yuko hapa. Huyo si mtu. Mlishaambiwa na mashine kabla hajazaliwa kwamba si mtu. Hayo ni matokeo."

Neno hilo, matokeo, alilisikia kwangu. Nililitumia mara nyingi katika nyumba ile, nikieleza kazi yangu, nikidhani nawaelimisha.

Nilisubiri mume wangu aseme kitu. Dereva alizima injini, akaiwasha tena. Mume wangu alikuwa anatazama viatu vyake, vilivyojaa tope jekundu, na nikaelewa kwamba anasubiri mimi nirahisishe mambo. Nikageuka, nikaingia kwenye pikapu. Yeye alibaki. Alisema atakuja baadaye, baada ya kuzungumza na mama.

Baba yangu, karani mstaafu wa chama cha kahawa, alikuwa peke yake Buhembe. Sikuwa nimempigia. Alipoona sanduku hakuuliza kwa nini nimelileta kwake. Alivua koti, akachukua jembe, akachimba mwenyewe katikati ya makaburi ya ndugu zangu wanne, akipumzika kila mara kwa sababu ya mgongo. Jirani alipojaribu kusema kwamba si desturi, mtoto huyu ana kwao, baba alimjibu bila kusimama.

"Hapa hatuchagui."

Maziwa yalikuja baada ya mazishi. Nilijifunga kanga kifuani, nikarudi kazini mapema, maana nyumbani Hamugembe hapakuwa na mtu. Mume wangu alikuwa "anazungumza na mama". Alizungumza naye muda mrefu.

Miezi michache baadaye profesa alikuja nchini, tukafanya semina Mwanza. Ukumbi ulikuwa umejaa madaktari, watu wa wizara na wanafunzi. Nilikaa safu ya tatu. Alieleza mradi vizuri, alinisifu kwa jina. Kisha akabonyeza, na ukutani ukatokea mkono wa binti yangu, mkubwa kuliko mlango, kidole cha shahada juu ya vingine.

"Angalieni mkunjo huu," alisema. "Kisa kizuri sana cha kufundishia."

Watu waliinama kuandika. Kijana mmoja mbele yangu aliinua simu apige picha. Nilisimama. Sauti yangu ilitoka kubwa.

"Huyo ni binti yangu. Alikuwa na jina. Naomba umwondoe hapo."

Profesa alisema, "Bila shaka," akabonyeza. Ikaja grafu. Akaendelea na grafu.

Wakati wa chai alinifuata akiwa na sahani ya sambusa. Alisema nimekuwa jasiri. Halafu akasema ingekuwa vyema kama ningemwambia mapema, faraghani, kwa sababu sasa wageni wa wizara wamepata picha isiyo nzuri ya mradi. Nilimwuliza picha ipi. Hakuelewa, au alielewa.

Sikuacha kazi. Watu hudhani niliacha. Wanawake walikuwa wanaendelea kuja, na baadhi yao walianza kuniomba mimi na si mwingine, kwa kuwa habari zilikuwa zimeenea kwamba yule Daktari naye alizika. Sikuwa mtu wa kufariji. Nilichobadilisha ni kimoja: kabla ya sindano niliwaambia wazi kwamba kipimo hiki hakina dawa nyuma yake, na kwamba wanaweza kuinuka na kwenda zao. Wengi waliinuka. Profesa alilalamika kwamba idadi inashuka.

Mume wangu alirudi Hamugembe siku moja, akakaa mezani, akala ndizi na maharage mpaka akamaliza, akanawa.

"Kuna binti," alisema. "Mwanachuo wa ualimu, yuko mazoezini pale shuleni. Ana mimba."

"Ya muda gani?"

Akanitajia. Mimi ni mtu wa mimba. Hesabu hiyo sikuhitaji kufundishwa. Ilianzia katika wiki zile ambazo alikuwa anazungumza na mama, kaburi la Buhembe likiwa halijaota hata jani.

"Mama amefurahi," akaongeza, kana kwamba nilikuwa nimeuliza.

Nilimsaidia kupakia nguo zake. Alishukuru. Alikuwa bado mpole.

Haikupita muda, mlango wa kliniki yetu ya Muleba ukafunguliwa, akaingia mama mkwe na mwavuli wake, akimshika kiwiko msichana mrefu, mwembamba, aliyevaa gauni la kubana tumbo. Foleni ilikuwa ndefu. Alipita mbele ya wote.

"Shikamoo, Mama," nilisema.

"Marahaba. Mpime huyu."

Nesi wangu aliacha alichokuwa anaandika.

"Mama, wewe ulisema kipimo ndicho kinacholeta ugonjwa."

"Nimesema mpime. Tusije tukapata lingine kama lile."

Alisema "lile". Msichana alijua mimi ni nani. Alinitazama kama kuku anavyomtazama mwenye kisu. Nilimwambia mama mkwe asubiri nje, nikafunga mlango.

Nilimkalisha, nikamwambia yale ninayowaambia wote: hakuna dawa nyuma ya kipimo, na anaweza kukataa. Aliniuliza kwa sauti ndogo kama akikataa atarudi vipi nyumbani kwa yule mama. Nikamwambia sijui. Akanyoosha mkono. Nilipata mshipa mara ya kwanza, na hakuumia, nilihakikisha hakuumia.

"Dada," alisema nilipokuwa nambandika pamba, "mimi niliambiwa ulishaondoka."

Nikamwamini. Mume wangu si mtu wa kudanganya. Huacha tu watu wafikirie.

Majibu yaliporudi yalikuwa safi. Mtoto wa kiume, kila kitu viwili viwili. Walikuja wote wawili, na mama mkwe alikuwa amevaa nguo za kanisani. Nilimwita msichana peke yake ndani, nikamwambia. Alifunika uso na viganja vyake, akalia kimya kimya, mabega yakitikisika. Nilimwacha alie.

"Majibu ni yako," nilimwambia. "Mimi siruhusiwi kumwambia mtu mwingine yeyote, hata mumeo. Ukitaka umwambie, ukitaka usimwambie."

Alijipangusa. Alifikiri kidogo, na nikaona kitu kinabadilika usoni pake, kitu kigumu ambacho sikukitarajia kwa mtu wa umri ule.

"Yule mama ameniambia," alisema, "likitoka kama lile la kwanza, nisikanyage kwake. Nijue pa kulipeleka."

Tukatoka pamoja. Mama mkwe alisimama.

"Eh?"

Msichana alipita bila kusimama, kichwa chini. Mama mkwe alimtazama, akanitazama mimi, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue niliona hofu machoni pake.

"Mkwe. Niambie."

"Matokeo ni ya mwenye mimba, Mama."

"Amelia. Kwa nini amelia?"

"Muulize yeye."

"Hasemi! Niambie wewe. Wewe ndiye unayejua." Akanishika mkono, mkono ule ule aliokuwa ameuondolea ungo. Kisha yule mwanamke mzima akapiga magoti kwenye saruji ya kliniki, mbele ya wajawazito wa Muleba, akaniita waitu, jina tunalowapa wakubwa wetu. "Waitu, nakuomba. Ni mzima?"

Sentensi moja ingemwinua. Sikuwa na ruhusa ya kuisema, na ninashukuru mpaka leo kwamba sikuwa nayo, maana sikutaka kuisema. Nilimsaidia kusimama, nikampangusa vumbi kwenye goti, nikaita anayefuata.

Wifi yangu mdogo ndiye aliyenisimulia yaliyobaki. Msichana hakusema hata neno moja kuhusu majibu mpaka siku ya kujifungua. Mama mkwe aliacha kula vizuri, akafunga na kusali, akakonda mpaka nguo zikamning'inia. Mwanawe alimuuliza yule binti naye hakuambiwa. Mtoto alipozaliwa, mnene, anapiga kelele, bibi yake alimfungua nguo mara tatu kukagua vidole.

Kijana huyo sasa anatembea. Mama yake alipata ajira ya ualimu Biharamulo, akamchukua mtoto, akaenda naye, na hajarudi. Mume wangu anaishi na mama yake. Mkataba wangu na profesa ulipokwisha sikuurefusha. Nafanya kazi kwenye kliniki ya selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, hapa Bukoba, ambako walau kuna vidonge vya kumpa mtoto na sindano ya kumtuliza maumivu. Juzi mwanafunzi mmoja, anayejiandaa kwenda ng'ambo kusomea nilichosomea, alikuja kuniuliza kama ningemshauri aende. Nilimwambia aende. Akauliza ajiandae vipi. Nilimwambia anunue koti zito, na nikamwita mgonjwa aliyekuwa anasubiri.